Mita Kumi na Nne za Waya

Mmekuja tena wiki hii, wawili katika ninyi mnaotaka kufungua studio, mmevua mlangoni viatu vilivyojaa tope la Kisondela, mkanitolea karatasi yenye picha ya kisanduku cha sauti, kile cha kuingizia maiki kwenye kompyuta. "Dada, hiki kinafaa?" Nikawauliza kompyuta yenu itakaa chumba gani na waimbaji watasimama wapi. Mkasema popote. Nikawauliza ndani yake kina chipu gani. Mkanitajia rangi.

Basi naandika. Nimechoka kurudia maneno yale yale huku namenya ndizi, halafu nikiongea nakasirika, nikiandika napoa kidogo. Mpeane haya makaratasi. Atakayekuja kuniuliza kitu kilichoandikwa humu nitamrudisha na viatu vyake mkononi.

Nimerekodi kwaya pale Tukuyu miaka kumi. Niliingia nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimetoka nikiwa na miaka thelathini na mmoja na mtoto wa pili mgongoni. Nikisema nimestaafu watu wanacheka. Cheka. Kazi imekwisha, siendi tena asubuhi, hakuna anayeniita. Mnaitaje ninyi?

Aliyeniajiri ni Bwana Anyosisye. Mnamjua. Alianza na kibanda cha kaseti karibu na stendi, wakati ule biashara imefunguliwa na kila mtu mwenye mtaji kidogo anaagiza anachotaka: redio, mitumba, baiskeli, mwisho kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Akaona kwaya zote za Rungwe zinapanda magari kwenda Mbeya kurekodi. Akasema kwa nini. Akapanga nyumba yenye chumba kimoja kikubwa, ukumbi mdogo, na stoo nyuma ya veranda, akaning'iniza mablanketi ukutani, akasema hii ni studio. Mimi alinichukua niandike majina ya kwaya kwenye daftari. Kompyuta nilikuwa naifuta vumbi.

Kosa langu la kwanza nililifanya mwezi wa kwanza, na ninyi mmeshalifanya, msinidanganye. Nyuma ya kompyuta kuna matundu matatu ya duara: la pinki, la bluu, la kijani. Nilichukua waya unaotoka kwenye miksa, ile meza ya kuchanganyia sauti za maiki, nikauchomeka kwenye la pinki kwa sababu nilisoma limeandikwa maiki, na sisi si tunarekodi maiki? Kwaya ikaimba, sauti ikatoka kama watu wanaoimba ndani ya debe. Tundu la pinki linangoja sauti ndogo sana inayotoka kwenye maiki moja kwa moja, lenyewe ndilo linaikuza. Sauti ya miksa imeshakuzwa, ukiipitisha hapo inakuzwa tena, inapasuka. Ya miksa inaingia kwenye la bluu. Niliambiwa hivyo na Fundi Ambakisye wa Kiwira, ambaye zamani alikuwa fundi umeme mgodini, na baada ya mgodi akafungua meza ya kutengeneza redio kando ya barabara kuu.

"Binti," aliniambia, "wewe umemchukua mtu anayepiga kelele ukampa na tarumbeta."

Fundi Ambakisye hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Lakini waya alikuwa anaujua kama mnavyoijua njia ya kisimani. Nitamrudia.

Sasa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mnaniuliza kwa nini tulitumia Linux wakati watu wote wa Mbeya walikuwa na Windows. Hakuna siri yoyote. Ile Windows yetu ilikuwa ya kunakili, pamoja na programu yake ya kurekodi, na ililiwa na virusi mara mbili. Mara ya pili iliondoka na kwaya nzima ya Nkunga, nyimbo nane, watu thelathini waliotembea na mvua. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia. Kijana mmoja wa ukoo wa Anyosisye aliyekuwa anasoma chuo Dar akaja likizo na CD ya Linux mkobani.

"Hii ni bure, mjomba."

"Bure mpaka leseni?"

"Mpaka leseni."

"Weka."

Hivyo tu. Kijana akaweka, akanionyesha siku tatu, akarudi chuo. Mimi nikabaki na skrini nyeusi, kamusi ya Kiingereza na kurasa alizonichapishia. Nililia mara moja, sikulia tena.

Jambo ambalo lazima mlielewe kuhusu Linux ni kwamba huanzi dukani. Windows wanakupa kisanduku na CD yake, unaweka CD, kinafanya kazi au unakirudisha. Linux haina CD ya kisanduku. Ama mfumo unaijua ile chipu iliyomo ndani, ama hauijui, na kama hauijui unaweza kukikumbatia mpaka asubuhi. Chapa ya nje haikuambii kitu, kwa sababu kampuni moja inatengeneza visanduku viwili vya jina linalokaribiana, ndani chipu tofauti kabisa. Kwa hiyo unaandika lspci kwenye ile skrini nyeusi, inakutajia kadi zilizomo tumboni mwa kompyuta. Za USB unaandika lsusb. Ukitaka kujua kama mfumo wa sauti umeikubali kwa kurekodi, arecord -l. Kama haimo kwenye orodha hiyo, haipo, hata kama taa yake inawaka vizuri.

Anyosisye alijifunza hilo kwa uchungu. Alikwenda Dar akarudi na kisanduku cha FireWire, kizito, cha rangi ya fedha, muuzaji amemwambia ndicho wanachotumia Nairobi. Kwanza kompyuta yetu haikuwa na tundu la FireWire. Akaagiza kadi yenye tundu. Kadi ikaonekana. Kisanduku hakikuonekana, na miaka ile Linux ilikuwa bado haijaelewana na visanduku vingi vya aina hiyo. Nikamwambia.

"Mama Lusajo, lakini taa inawaka."

"Taa inawaka, bosi. Hata kibatari kinawaka."

Mke wake alikiwekea kitambaa cha kufuma na chombo cha maua juu. Kipo mpaka leo sebuleni kwao.

Kadi ya ndani, ile ya kuchomeka kwenye ubao wa kompyuta, Linux inaijua mara nyingi, na haichoki. Ubaya wake ni kwamba imekaa tumboni na feni na diski, na tumbo hilo lina kelele. Ukizungusha mausi unasikia krr krr kwenye rekodi. Kisanduku cha USB kimetoka nje, kelele hizo hakipati. Lakini vya miaka ile vilikuwa na njia mbili tu za kuingizia, na ukivichomeka pamoja na vitu vingine kwenye tundu moja la kugawana vinagombana. Kichomekeni peke yake, nyuma ya kompyuta, siyo kwenye kile kitu cha kugawia matundu.

Kuna kosa jingine ninaloona aibu kulisema, lakini ni la kwetu, nadhani Dodoma kusiko na mvua hawawezi kulifanya. Kwa mwezi mzima rekodi zetu zilikuwa na sauti ndogo ndogo, ta, ta, ta-ta. Nikasema ni mvua kwenye bati. Anyosisye akasema ni mvua. Kwaya wakasema ni mvua, wakashukuru kwamba hata mvua ya kwetu imo ndani ya kaseti. Tukapanda juu tukaweka magunia ya nyasi kavu chini ya bati. Ta, ta. Halafu likaja juma moja la jua, mnajua hutokea, na siku ya tatu ya jua nikavaa hedifoni nikasikia ta, ta-ta. Nikatoka nje nikatazama mbinguni. Bluu tupu.

Ilikuwa kompyuta. Sauti ikiingia inakaa kwanza kwenye foleni fupi, wanaiita bafa, ndipo inaandikwa kwenye diski. Nilikuwa nimeifanya foleni fupi mno, kompyuta inazidiwa, inaangusha vipande. Kila kipande kinachoanguka ni ta. Irefusheni mnaporekodi. Mwimbaji akitaka kujisikia mwenyewe masikioni, msimpitishe kwenye kompyuta, mpeni sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa. Na magunia ya nyasi yalileta panya.

Sasa nifike kwa baba mkwe.

Nimeolewa hapa Kisondela. Mume wangu ni dereva wa lori la majani ya chai. Baba yake ni kiongozi wa kwaya, ndiye mwenye besi ambayo watu wanaisikia ng'ambo ya bonde. Jina lake silitaji, na hata hapa siliandiki. Nyie wa siku hizi mnampa baba mkwe mkono na kumwambia shikamoo, mimi siwahukumu. Kwenye ukoo nilioolewa mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai chumba alichomo. Nikimwona njiani naingia kwenye migomba nakaa mpaka apite. Yeye naye akikaribia kona anakohoa, kikohozi chake kimoja kifupi, ili nisikutwe. Tumeishi hivyo miaka yote na hatujawahi kukoseana adabu. Hata faili za kwaya yake sikuziandika jina lake. Niliandika BESI_KUU.

Kwaya yake ikaamua kurekodi. Miaka yote walikuwa wanasubiri, wana nyimbo zao za Kinyakyusa ambazo yeye mwenyewe alizitunga. Akaja studio kuzungumza na Anyosisye. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama kwenye veranda na mtoto, na bati halizuii maneno.

"Mtambo anaushika nani?"

"Mama Lusajo, mzee."

Nikasikia kiti kinasukumwa nyuma.

"Huyo ni mke wa mwanangu."

"Najua, mzee."

"Basi sitaimba. Utafute kijana Mbeya. Na ukishampata ubaki naye, maana kwaya zote za upande wetu zitasema hivyo hivyo. Wakwe zake wa ukoo ni wangapi? Na huyu ananyonyesha. Kazi ya kushinda na wanaume wamefunga mlango, na yeye ananyonyesha!"

Mzee akaondoka. Anyosisye akanifuata veranda, hanitazami machoni, anatazama mbwa.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Mimi sina ugomvi na mila, Mama Lusajo. Lakini nina chumba cha kulipia kodi."

"Nipe Jumamosi moja," nikamwambia. "Waje Jumamosi. Ikifika jioni hawajarekodi, Jumatatu umlete huyo mtu wa Mbeya, mimi nitampa funguo kwa mkono wangu."

Akakubali. Kazi yangu yote ikabaki juu ya Jumamosi ile. Nyumbani tulikuwa tunaishi watu watano kwa kazi mbili, ya lori na ya kwangu. Ila nitasema ukweli kwa kuwa naandika: hata kama lori lingetosha, nisingeitoa. Nilikuwa nimeitafuta kazi ile kwa kamusi.

Fikra yangu ilikuwa rahisi. Waimbaji wakae chumba kikubwa. Mimi nikae stoo, nyuma ya veranda, mlango umefungwa. Simwoni, hanioni. Kinachopita kati yetu ni waya. Anyosisye akampelekea mzee neno hilo, naye akasema atakuja hiyo Jumamosi moja.

Anyosisye akasema kompyuta ni nzito na ina kelele, iende stoo nayo, sawa, lakini kile kisanduku chetu cha USB kibaki kwenye chumba cha kwaya karibu na maiki, tuunge waya wa USB mpaka stoo. Tukaunga. Nyaya tatu, moja kwenye mkia wa nyingine. Kompyuta ikakiona kisanduku, ikakipoteza, ikakiona. Mwisho ikakaa kimya. Jumatano hiyo nikapanda gari kwenda Kiwira na mtoto.

Fundi Ambakisye alikuwa anachomelea redio ya mtu, hakuinua kichwa nilipokuwa namweleza.

"Waya wa kompyuta unafika mita ngapi?"

"Tano," nikasema. "Nimesoma."

"Na kutoka maiki mpaka stoo?"

"Nimepima. Kumi na nne, ukizunguka ukuta."

"Sasa kwa nini unaurefusha ulio mfupi? Refusha ulio mrefu."

Akanitolea kipande cha waya wa maiki, ule wa nyuzi tatu, wenye kichwa cha pini tatu, akaupasua kwa kisu nione. Akasema: tuma watu wawili na ujumbe mmoja, ila wa pili mwambie auseme kinyume. Njiani wote wawili wanachafuliwa na tope lile lile. Wakifika, yule wa pili unamgeuza, unawalinganisha. Ujumbe unakuwa mara mbili, na tope, kwa kuwa kwa mmoja sasa limegeuka, linafutana. Uzi wa tatu ni koti lao. Waya kama huo unatembea mita kumi na nne, unatembea hata mia, hauleti kuguruma. Waya wa nyuzi mbili, ule wa tundu la bluu, ukiuburuta hivyo kando ya waya wa umeme unakuletea vuuu ya mashine ya kusaga ya jirani na redio ya Malawi juu yake.

"Kisanduku kaa nacho wewe," akasema. "Kiwe pajani kwako ukitaka. Wapelekee maiki tu."

Lile ndilo jibu la swali mnaloniuliza kila siku. Linalopaswa kuwa fupi ni kati ya kisanduku na kompyuta. Linaloruhusiwa kuwa refu ni kati ya maiki na kisanduku, kama waya ni wa nyuzi tatu. Mkishajua hilo, ndipo mseme USB au nini.

Lakini kisanduku chetu kilikuwa na njia mbili, na mimi nilitaka nne. Soprano, alto, tena, na maiki ya mzee peke yake. Anyosisye akasema mbili zinatosha, kwaya nyingine zote tumezirekodi kwa mbili. Nikamwambia kuna kadi kule chumbani kwake, aliyoletewa mwaka uliopita na mtu wa Dar aliyekuwa anafunga duka: kadi ya kuchomeka ndani, na mkia mnene unaotoka nje kwenda kwenye sanduku la chuma lenye matundu manane ya pini tatu. Aliwekewa kama takataka juu ya mzigo mwingine. Mimi nilikuwa nimeshaisoma chipu yake kwa tochi, nikaiona kwenye kurasa zangu. Linux inaijua.

"Ile ya zamani? Watu wanahamia USB, wewe unarudi nyuma?"

"Bosi, ya zamani ndiyo inayojulikana. Na kelele za feni hazimo, sehemu ya sauti iko nje kwenye sanduku."

"Ukiiunguza?"

"Nimeshasema Jumatatu natoa funguo. Unataka nini kingine?"

Ijumaa nikaichomeka. arecord -l. Ikatokea, njia nane. Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa nikamnyonyesha Lusajo nikiitazama ile mistari.

Jumamosi walikuja na mvua, wengine kwa miguu, wengine juu ya lori la mume wangu chini ya turubai. Nikawasikia wanavua viatu na kukamua kanga. Katibu wa kwaya, Tumpe, binti wa rika langu, ndiye tuliyemweka awe mdomo wangu. Anasimama mlangoni pa stoo, namwambia, anakwenda kumwambia mzee.

Na hapo likazuka neno ambalo sikulitarajia. Mzee mmoja wa sauti ya tena akauliza: huyu mama akiwa na vile vitu masikioni, si anamsikia mkwewe kuliko hata angekuwa chumbani? Wakajadiliana. Nawasikia wote, maiki ziko wazi, wananijadili ndani ya kichwa changu. Mwisho mama mmoja wa alto akasema, "Kanisani siku zote anamsikia anaimba, mbona hatukumtoa nje? Kusikia siyo kukutana. Imbeni, nguo zitukaukie." Ikaisha.

Wimbo wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Waya haukuguruma hata kidogo. Nilitamani Fundi Ambakisye awepo.

Wa tatu ndio uliokuwa wimbo mkubwa wa baba mkwe, na ubeti wa tatu besi inaingia peke yake kabla ya wengine kuitikia. Akaingia chini. Si sana, kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi. Kwaya nzima wakamfuata chini, kwa heshima. Wakarudia. Akashuka tena pale pale.

"Tumpe," nikanong'ona mlangoni. "Mwambie besi inashuka ubeti wa tatu."

"Nani amwambie?"

"Wewe."

"Mimi? Yule mzee? Mwambie wewe, ni mkweo."

"Siruhusiwi kusema naye!"

"Una bahati. Mimi naruhusiwa, na naogopa."

Wakapumzika kunywa chai. Nikasahau kuzima maiki, au sikutaka, sasa siwezi kuapa. Nikamsikia mzee anawaambia wenzake wa besi, kwa sauti ya chini: "Mwanangu ameoa fundi. Acheni leo tumalize. Jumatatu atakuwa jikoni kwake, nimeshaongea na mwenye studio."

Nikaivua hedifoni, nikaivaa tena. Mtoto akaamka akaanza kulia. Nilikuwa na spika moja chumbani kwao, ya kuwarudishia wimbo wausikie. Nikangoja wamalize chai, wakae. Kisha nikazima soprano. Nikazima alto. Nikazima njia ya tena. Nikaacha njia moja, BESI_KUU, nikarudisha mpaka ubeti wa tatu, nikafungulia spika.

Sikujua kama nafanya kazi au namlipizia. Mpaka leo sijui.

Sauti yake ikatoka peke yake, tupu, bila mtu wa kumfunika, ikashuka. Ikamaliza. Nikairudisha, ubeti wa kwanza, pale alipokuwa sawa, wasikie na hiyo. Kisha wa tatu tena. Nikazima.

Halafu, ndani ya masikio yangu, kikohozi. Kimoja, kifupi, kile kile cha njiani.

"Ubeti wa tatu," akasema mzee, hakumtaja mtu. "Nimeshuka. Tutoke mwanzo."

Walirudia mara tano. Ya tano alisimama pale juu kama nguzo. Saa kumi jioni nyimbo zote zilikuwa ndani ya diski, nami nilikuwa nimelowa jasho na maziwa.

Nikawasikia wanavaa viatu. Mzee akabaki nyuma na Anyosisye. "Yule wa Mbeya umeshamwita?"

"Bado, mzee."

"Usimwite. Huyu wa nyuma ya ukuta abaki. Kwaya yangu wote waliogopa kuniambia. Ndaga, asante."

Jumatatu nilifika na funguo zangu nikafungua mlango.

Nilikaa pale miaka minne zaidi. Wakwe wengine wa ukoo wakaja na kwaya zao, tukawa tunafanya hivyo hivyo, stoo na waya, ikawa ni kawaida ya studio yetu. Nikadhani mambo yamekwisha. Mnaona nilivyokuwa mjinga? Mlinzi wangu nilimweka upande wa baba mkwe, mwizi akaingia upande mwingine.

Anyosisye alihamia jengo jipya. Alikwenda Dar akaona studio zao, akarudi akajenga chumba cha mtambo na chumba cha waimbaji, katikati ukuta wa kioo. Kioo kikubwa, toka kiunoni mpaka juu. Aliniita nikione.

"Mimi nitakaa wapi?" nikamwuliza.

"Hapa. Mnaonana, mnapeana ishara. Kisasa."

"Bosi. Mkwe wangu atasimama pale."

Nikasema nitundike kanga. Akasema kioo kimeletwa kwa gari la peke yake toka Dar hakikuja kuvalishwa kanga. Nikasema nirudishe mtambo chumba cha nyuma, waya ninao. Akasema wateja wanataka kumwona fundi, wakimwona wanaamini. Hakunifukuza. Lishikeni vizuri hilo: hakunifukuza. Alinijengea mahali nisipoweza kukaa, kisha akanisubiri niseme mwenyewe. Nilisema. Wote wanaamini nilizuiwa na mila. Mila tuliizunguka kwa mita kumi na nne za waya, mimi na baba mkwe, hatukugombana tena. Aliyekataa kuizunguka ni mtu wa kisasa. Nakasirika kila nikipita pale, na sitaki mniambie nitulie.

Kijana aliyechukua nafasi yangu ni mpole, hana kosa. Ana USB ya njia mbili. Kwaya ya baba mkwe walikwenda kwake mwezi uliopita kurekodi kaseti ya pili.

Juzi asubuhi mama mkwe alikuja kwangu, kaseti imefungwa kwenye leso. Akaketi kwenye kigoda, akavuta pumzi.

"Baba yenu amenituma nikuulize. Anasema kuna kitu humu, hakijui. Watu wote wanamwambia nzuri."

Nikaiweka kwenye redio. Nikasikiliza upande wote wa kwanza, ndizi mkononi. Wimbo wa nne, mwishoni, pale wanapopokezana na soprano, yeye anaingia mapema kidogo kila mara, na wenzake wanakimbia kumfikia. Sauti zote zimechanganywa kwenye njia mbili, huwezi hata kumtoa umsikilize peke yake.

"Mama, mwambie wimbo wa nne, mwisho. Anawahi."

"Nimwambie hivyo? Anawahi?"

"Hivyo hivyo, mama."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akashuka njia ya migomba kwenda kwake. Nikaendelea kumenya. Baada ya muda, toka ng'ambo ya migomba, nikamsikia baba mkwe. Ule mwisho. Aliwahi. Akanyamaza, akaanza tena, akawahi. Lusajo aliacha kucheza akatega sikio. Mara ya tatu alichelewa, nikajikuta napiga mguu chini, hapana, hapana. Ya nne akangoja, akangoja, akaingia.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya njia, kati ya nyumba mbili, ananitazama mimi. Nikamwinulia mkono: hapo. Akageuka kumwambia.